Nafasi Tupu za Jumamosi

Sina haja ya kuzunguka mbuyu. Nilimwonea wivu. Wapo wanaosema hawajawahi kumwonea mtu kijicho kazini. Hao ama ni malaika ama ni waongo, na mimi malaika bado sijakutana nao.

Tulikuwa wanawake wawili katika chumba cha kuchora, kwenye ofisi moja ya mambo ya samaki pale ufukweni Mwanza, miaka ya tisini. Mimi nilimzidi mwenzangu miaka kumi na ushee. Kazi yetu ilikuwa kugeuza madaftari kuwa grafu. Kila mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, palikuwa na karani wetu, na kila karani alikuwa na daftari lake: tarehe, mitumbwi iliyofika, kilo za dagaa, kilo za sangara. Madaftari yalikuja kwa kivuko kutoka Kamanga, kwa basi kutoka upande wa Mara, mengine yakinuka moshi wa samaki mpaka unafungua dirisha. Nilisoma namba, nikazipanga, nikachora kwa kalamu ya wino juu ya karatasi inayopitisha mwanga. Ukikosea unakwangua wino kwa wembe, taratibu, karatasi isitoboke. Grafu ya mwaka mzima ilinila siku nne.

Na mkono wangu ulikuwa unajulikana, nisijishushe. Wageni wakija kutoka Dar, mkuu wetu alikuwa akiwaonyesha grafu zangu kabla hajawaonyesha ziwa. Kuna mmoja aliuliza zimechapwa kiwanda gani. Nilicheka pale pale mbele yake, halafu nikaenda nyumbani Buzuruga nikamsimulia mume wangu mara tatu.

Yule mwenzangu nilimfundisha mimi. Alikuja hajui hata kushika kalamu ikasimama wima. Nikamfundisha kuandika herufi, kuvuta mstari huku amebana pumzi, kuosha ncha kabla wino haujaganda. Aliniita dada, mimi nikamwita mdogo wangu, na chai ikiwa kidogo tuligawana kikombe. Alikuwa binti mwenye adabu, asiye na makuu. Baadaye hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, maana mtu mwenye maringo unamchukia kwa raha zako.

Kitu kimoja sikumfundisha. Daftari la mwalo mmoja wa mbali, ufukwe wa Mara, nilikuwa nalichora mwenyewe kila mwaka, simpi mtu. Karani wa huko alikuwa Mjita wa makamo, Msabato. Siku alipoajiriwa alimwambia mkuu wa zamani, aliyekwisha kustaafu, kwamba Jumamosi hafanyi kazi, na mkuu yule akakubali kwa mdomo, hapakuandikwa kitu. Kwa hiyo kila Jumamosi katika daftari lake ilikuwa nafasi tupu. Mitumbwi ilikuwa inakuja kama kawaida, dagaa wanashushwa, ila yeye yuko kanisani. Nikamwuliza siku moja nilipokwenda huko na gari la ofisi: "Baba, kwa nini usiweke hata sifuri, daftari lionekane limejaa?"

Alinitazama kama niliyetukana. "Sifuri naiandika wakati wa mbalamwezi, binti yangu, watu wasipokwenda kuvua. Hapo nimekaa mwaloni, nimeona kwa macho yangu kwamba hakuna kitu. Jumamosi sikuwepo. Nitashuhudiaje nisichokiona?"

Basi mimi nikawa nachora mstari wake hivi: Ijumaa nainua kalamu, naweka nukta nukta, naishusha tena Jumapili. Hakuna aliyewahi kuuliza zile nukta. Nilijua mimi na karani, na nilifurahi kwamba ni siri yetu wawili. Nilijiona mtu wa maana.

Ikaja nafasi ya masomo nje ya nchi, miezi sita, mambo ya kompyuta. Niliomba mimi, akaomba na yeye. Nilihesabu kwamba ni yangu. Nilikuwa nimeshaulizia mpaka bei ya koti zito. Mkuu akaniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti laini kwamba wanataka damu changa, na kwamba mimi mkono wangu tayari umekamilika.

Umekamilika! Loh! Kukamilika gani huku kunakomzuia mtu kupanda ndege? Nikasema ahsante mkuu, nikatoka, nikaenda chooni nikalia mpaka macho yakavimba. Mdogo wangu alipokuja kunikumbatia nilimwambia, "Hongera, Mungu akutangulie," na moyoni nikamwombea baridi ya kumpasua midomo.

Alirudi mweupe kidogo, amenenepa, midomo mizima. Alikuwa na zawadi ya kila mtu ofisini, na mimi aliniletea skafu na diski moja. Zile diski bapa za plastiki, tulizokuwa tunaziona kwa sekretari tu. Juu yake alikuwa ameandika jina langu kwa herufi nilizomfundisha mimi.

"Dada, hii ni programu ya kuchora grafu. Nimekutolea nakala yako. Ni ya bure, na inaruhusiwa kugawana, hata wao wenyewe walioitengeneza wamesema mtu agawe."

"Bure?" nikamwuliza. "Nani anakupa bure siku hizi?"

Nilikuwa na haki ya kuuliza. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimeanza kulipiwa. Shule ulichangia, hospitali ulikwenda na sindano yako mkononi. Viwanda vya minofu vilikuwa vinaota ufukweni, sangara wanapanda ndege sisi tunagombea mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki. Halafu mtu anasema kuna watu huko mbali wamekaa, wametengeneza mashine ya kuchora isiyo na mwili, na wanaigawa kama maji ya mtoni. Nilisema moyoni, huu ni mtego.

Akatukusanya mbele ya kompyuta ya ofisi. Ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya bibi harusi. Akakitoa, akawasha. Hapakuwa na picha wala rangi. Kioo cheusi, herufi nyeupe, na alama ndogo pembeni inawakawaka ikikungoja useme. Akaandika plot, akaweka nafasi, sin, akafungua mabano, x, akafunga mabano. Akabonyeza. Kabla sijameza mate, wimbi likatokea, limepanda na kushuka, limepanda na kushuka, kutoka ukingo hadi ukingo, halina doa. Wimbi hilo mimi ningelichora asubuhi nzima kwa rula ya mapinda.

Watu wakapiga makofi. Mkuu akasema, "Ala! Hebu tena." Akafanya tena, safari hii akaingiza faili la namba za Kamanga za mwaka mzima, akataja jina la faili, akataja safu mbili, akabonyeza. Grafu ya siku nne, imetoka kwa muda wa kupiga chafya. Printa ikaanza kukereza kwa kelele, kri, kri, kri, mpaka walinzi wakachungulia.

Niliichukua karatasi nikaitazama kwa karibu. "Mistari yake ina vidato," nikasema. "Kama mgongo wa kenge."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akasema, "Kweli dada, haiufikii mkono wako." Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Nilitamani nimzabe kibao.

Diski yangu niliitia kwenye droo. Mara tatu aliniambia, "Njoo nikuonyeshe, ni maneno machache tu, utayashika." Mara tatu nikasema nina kazi. Kazi gani? Siku hizo madaftari karibu yote yalikuwa yanakwenda kwake, mimi nilibaki kuchora mipaka ya kurasa na kuandika majina juu ya mafaili. Nilikaa nikimsikiliza akibonyeza, tak tak tak, na kila grafu ikitoka nilisikia kama mtu ananivua nguo moja mbele za watu.

Halafu ikaja barua ya kupunguza wafanyakazi. Ilikuwa inazunguka nchi nzima, tukadhani itaturuka, haikuturuka. Chumba cha kuchora kilitakiwa kibaki na mtu mmoja. Mkuu hakuficha: utakuwepo mkutano wa wafadhili na wakubwa kutoka makao makuu, grafu zitaonyeshwa, na baada ya hapo wataamua kama kazi iendelee kwa mkono au kwa programu. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na mume aliyekwisha kupunguzwa tayari. Nilikuwa na miaka kumi na saba kwenye kiti kile.

"Mkabidhi madaftari yote yaliyobaki," mkuu akaniagiza. "Hata lile la Mara. Mwelekeze."

Nikamwelekeza. Nilimwelekeza vizuri sana, nani ana mwandiko mbaya, nani saba yake inafanana na moja, nani anaandika debe badala ya kilo. Nilipofika kwenye lile la Mara nikalifungua, nikalifunga, nikalisukuma mezani.

Siku ya pili akaja na daftari limefunguka kifuani. "Dada, hizi nafasi tupu niweke nini? Nikiacha mstari mtupu kwenye faili, programu inakata grafu vipande vipande. Kuna namna ya kuiambia kwamba namba haipo, lakini lazima nijue kama kweli haipo au hawakuvua."

Sikilizeni jinsi binti alivyouliza. Aliuliza swali lenyewe hasa, lile nililomwuliza karani mwenyewe mwaloni. Jibu nililijua kuliko jina langu. Na mashine ile niliyoidharau, kumbe nayo ilikuwa na njia yake ya kuinua kalamu, ilikuwa inangoja tu kuambiwa.

Nilikuwa nanoa penseli. Sikuinua uso. "Pasipo na kitu si hapana kitu? Weka sifuri."

"Sifuri zote?"

"Mdogo wangu, unataka nikushike mkono? Weka sifuri."

Akasema ahsante dada. Akaenda. Nilisikia tak tak tak, na kwa mara ya kwanza tangu arudi kelele ile ilinipendeza.

Siku ya mkutano nilivaa gauni langu la Krismasi. Sikuwa kwenye ratiba. Nilikaa nyuma karibu na chupa za chai, nimekwenda kumwona akianguka. Nasema hivyo hivyo kama ilivyokuwa. Akaweka karatasi za plastiki kwenye projekta moja moja, Kamanga, akaeleza, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Maelezo yake yalikuwa safi, sauti yake haikutetemeka. Kisha akaweka ya Mara.

Ukutani mstari ulikwenda vizuri siku sita, ya saba ukaporomoka mpaka chini kabisa, ukapanda, siku sita, ukaporomoka. Mwaka mzima. Kama meno ya msumeno. Bwana mmoja kutoka Dar akasema, "Dagaa wa huko ni walokole? Wana siku yao ya kufunga?" Watu wakaangua kicheko.

Mwenzangu alitazama ukutani, akatazama karatasi yake. "Ndivyo daftari lilivyo," akasema, na sauti sasa ikatetemeka. Niliisikia nikafurahi mpaka vidole vya miguu.

Mkuu akageuka nyuma. "Mama, wewe ndiye umekaa na daftari hili miaka yote. Hapo pana nini?"

Maneno sita yalitosha. Karani ni Msabato, Jumamosi hafanyi kazi. Yalikuwa yamenijaa mdomoni. Yule binti alikuwa ananitazama, macho makubwa, ananitegemea mimi, dada yake. Nikawaza: nikisema, atarekebisha kesho kwa kubonyeza mara mbili, wamsifu tena. Nisiposema, watasema programu haina akili, turudi kwenye mkono.

"Sijui, mkuu," nikasema. "Mimi nilikuwa nachora tu."

Mgeni mmoja wa wafadhili, mzungu mwenye miwani ya kamba shingoni, akaomba aone grafu ya zamani ya mwalo ule ule. Ikaletwa, kazi ya mkono wangu. Akaiweka juu ya ile nyingine, akaitazama sana, akaweka kidole kwenye nukta zangu. Akaanza kusema, mkuu akawa anatafsiri. Mnaona? Kila siku ya saba hapana takwimu. Karani haendi kazini siku nzima kila wiki, kwa miaka, na mchoraji alikuwa anaziba pengo kwa nukta hizi ili lisionekane. Mkono unaficha. Programu haifichi, inaonyesha kilichomo. Akampa mwenzangu mkono. Watu wakapiga makofi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utotoni, sikujua kisima kina kina kirefu hivyo. Bado ningeweza kusimama. Lakini ningesemaje? Kwamba nilijua, na nikamwambia mtoto wa watu aweke sifuri? Nikamimina chai. Mkono uliokamilika ukamwaga nusu yake kwenye sahani.

Jioni ile alinifuata getini. "Dada, kwani zile nafasi zilikuwa nini?"

"Niache, kichwa kinaniuma."

Nadhani alielewa. Hakuniuliza tena, na toka siku ile aliendelea kuniita dada, ila chai akawa anakunywa na sekretari.

Barua zilitoka mwezi uliofuata. Karani wa Mara aliachishwa kwa utoro kazini. Mimi jina langu lilikuwa la nne kwenye orodha ya waliopunguzwa. Walitufanyia hafla, soda na mandazi, mkuu akasema maneno mazuri kuhusu mkono wangu, na mwenzangu akalia kuliko mimi. Hata kilio chake nilikionea wivu, maana kilikuwa cha kweli.

Nikaanza kuandika vibao vya maduka. Soko huria lilikuwa limefungua milango, kila mtu anafungua saluni, duka la dawa, bucha, na wote walitaka herufi zilizonyooka. Siku moja mchana nilikuwa stendi ya Buzuruga, nimesimama juu ya stuli, naandika kibao cha kinyozi, basi la kutoka Mara likaingia. Akateremka mwanamume amevaa suti ya zamani, kakumbatia mfuko uliojaa madaftari. Nilimtambua kabla hajanitambua. Nilitamani stendi inimeze.

"Ni wewe, binti yangu?"

Nikashuka. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Na wewe wamekutoa?" Akatazama kopo langu la rangi, akatikisa kichwa. "Nilijua tu. Nilisema nyumbani, yule binti wa nukta nukta angekuwepo asingekubali waniite mtoro. Ulikuwa umeshatoka kabla ya mkutano, siyo?"

Alikuwa amenitengenezea uongo mwenyewe, umekamilika, nilichotakiwa ni kuupokea tu.

"Ndiyo, baba. Nilikuwa nimeshatoka."

Akaniambia kijijini wanamcheka. Wanasema miaka yote alikuwa anakula mshahara wa Jumamosi. Kanisani watu wanamtazama pembeni, mtu aliyekuwa anahubiri uaminifu. Kazi yenyewe, alisema, Mungu atatoa nyingine, ila jina. Alikuwa amechukua madaftari yake yote, nakala alizobaki nazo, anakwenda ofisini kuwaeleza.

"Twende wote," akasema. "Wewe unajua. Watakusikiliza wewe. Dakika tano tu."

Ofisi ilikuwa mwendo wa nusu saa. Kazi nilikuwa sina tena ya kupoteza. Nilichokuwa nacho ni kwamba binti yule angekuwepo pale mezani, na angesikia kutoka mdomoni mwangu kwamba nilijua.

"Mimi nimeshatolewa, baba," nikamwambia. "Mtu aliyetolewa nani atamsikiliza? Nenda, watakuelewa."

Hakulalamika. Alisema ni kweli, mashine imetutoa wote wawili. Akaweka mfuko chini, akavua kofia, akanishika mkono wangu wenye rangi, pale pale katikati ya wapiga debe, akaomba. Aliniombea mimi nipate riziki. Aliwaombea watoto wangu kila mmoja. Kisha akamwombea yule binti wa kompyuta, aliyesimuliwa habari zake na makarani wenzake, kwamba Bwana amsamehe, kwa sababu hakujua alifanyalo.

Nikaitikia amina. Akaokota mfuko wake, akaenda peke yake.